Mchina Kavaa la Kwake Mpaka Sokoni, Wewe la Kwako Unasubiri Sendofu?

Leo naomba tuache kidogo stori za nani kaachana na nani, tuongelee nguo. Msikimbie, umbea nao umo humu humu.

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina naliweka kapuni, alitupia picha amevaa vazi la Kichina. Sio lile gauni la kubana lenye kola ya kusimama na mpasuo pembeni ambalo tumelizoea kwenye sinema za karate. Ni lile vazi pana la zamani, mikono mikubwa kushinda ya kanzu, shingo imepishana kifuani, chini sketi ndefu ya marinda. Wabongo tena, mnajijua. Wengine "umependeza dada", wengine "umeanza uganga lini?", na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la "acha ulimbukeni, vaa vya kwenu".

Sasa mimi ni mtu wa kuchungulia. Nikaingia kwenye kurasa za hao waliosema "vaa vya kwenu", mmoja baada ya mwingine. Jinzi. Jinzi. Suruali ya kubana. Tisheti yenye maandishi ya timu ya Ulaya. Jinzi. Halafu chini kabisa, kitenge kimoja, siku ya harusi ya dada yake. Basi nikasema leo lazima nitie neno.

VAZI LENYEWE LINAITWA HANFU

Kwanza tuelewane hilo vazi ni nini. Linaitwa hanfu, ni la Wahan, kabila kubwa kuliko yote kule China. Lilivaliwa karne na karne. Halafu mwaka 1644 Wamanchu wakachukua utawala, na mwaka uliofuata ikatoka amri: wanaume wanyoe nywele za mbele, waache mkia mmoja mrefu nyuma, na mavazi yafuate ya watawala. Aliyekaidi alikatwa kichwa, sio utani. Hanfu ikapotea mitaani kwa zaidi ya miaka 300. Hilo gauni la kubana tunalolijua, qipao, limekuja juzi tu ukilinganisha. Lilipamba moto mjini Shanghai miaka ya 1920 na 1930.

Sasa sikia hii. Mwezi Novemba mwaka 2003, kijana mmoja wa kawaida kabisa kwenye mji wa Zhengzhou alijivalia hanfu akatoka nayo barabarani. Hakuwa anaenda harusini wala hakuwa anaigiza filamu, alitoka tu kama mimi na wewe tunavyotoka kwenda dukani. Enzi hizo ukivaa hivyo China, watu wa nchi yako mwenyewe wanakuuliza kama wewe ni Mjapani. Fikiria hiyo aibu. Unavaa nguo ya babu zako, unaonekana mgeni.

Leo hii mabinti wa Kichina wanaipanda nayo treni. Kuna sketi moja inaitwa mamianqun, maana yake sketi ya uso wa farasi, ina marinda pembeni na mbele imenyooka. Wanaichomekea shati jeupe la kawaida, chini raba, anaenda zake kazini. Kukiwa na joto wanavaa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Baridi ikija wanapanga nguo juu ya nguo, juu kabisa wanaweka koti lililojazwa pamba au joho. Yaani vazi limetengenezewa ratiba ya mwaka mzima. Na masharti wanayajua: upande wa kushoto unalalia juu ya wa kulia. Ukigeuza, hapo umemvalisha maiti. (Staa wetu alipatia, nilimkagua.)

Na kinachonigusa zaidi mimi mtu wa kijijini ni hiki: sehemu iliyotajirika kwa kushona hizo hanfu sio Beijing. Ni Cao, wilaya ya mashambani huko mkoa wa Shandong. Watu wana vyerehani, wanashona, wanauza kwa mtandao nchi nzima. Kijiji kimekula kwa sababu vijana wa mjini wameamua kuvaa la kwao siku ambayo haina shughuli yoyote.

SASA TURUDI KWETU

Kwa msiopajua, Ruhembe ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro. Ukitoka Dar kwenda Mbeya, ukifika Mikumi unaacha barabara kuu unashika ya Ifakara. Huku kwetu ni miwa. Mama zetu wanaamka alfajiri, khanga moja kiunoni, nyingine kichwani au mgongoni imebeba mtoto, jembe mkononi.

Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Khanga tumeipangia sehemu zake: jikoni, shambani, wodi ya wazazi na msibani. Ukitoka nayo stendi, ati hujajiandaa. Kitenge nacho tumekigeuza sare. Sendofu sare, kicheni pati sare, ubarikio sare, kikoba sare, msiba wa mtu maarufu sare. Unachangia kitambaa, unamlipa fundi, unavaa masaa sita, unapiga picha, kinaingia kabatini. Ukiulizwa mbona hukirudii, unajibu "nimeshaonekana nacho". Shosti, jinzi yako umeonekana nayo mara ngapi? Mbona hiyo haichoki?

Mimi naamini, na mnaweza kunirushia mawe, kwamba sare za shughuli ndio zinaua kitenge. Zimemfundisha mtu kwamba kitenge ni tiketi ya kuingilia ukumbini, na tiketi ikishachanwa haina kazi tena.

Mastaa ndio usiseme. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, mitandao yote inameremeta vitenge. Tarehe 9 kila mtu karudi kwenye vya Dubai. Kuna mwanamitindo mmoja maarufu, naye kapuni, anahubiri "Uafrika wetu" kila akishikishwa kipaza sauti, lakini mimi namfuatilia mwaka wa tatu huu, sijawahi kumuona na khanga hata ya kuanikia nguo.

KISA CHA BINTI NA SKETI YA KITENGE

Niwape kisa kimoja cha huku kwetu muone kwamba hii sio ishu ya urembo tu. Kuna binti alimaliza kidato cha nne kama mimi. Akasikia kuna duka mjini, silitaji, linatafuta mhudumu. Akaazima nauli, akaenda kwenye usaili amevaa sketi ya kitenge ya marinda, shati jeupe kachomekea, nywele kasuka safi. Yaani ukimwangalia ni yule yule binti wa Kichina wa kwenye treni, tofauti kitambaa tu.

Mwenye duka akamwangalia juu mpaka chini akamwambia, "Hapa hatuuzi vitumbua." Usaili ukaishia hapo.

Nataka tuitafakari hiyo kauli. Nguo ilikuwa safi, imepigwa pasi, imefunika magoti. Ilikosea nini? Ilikosea kufanana na nguo ya mama ntilie. Maana yake dharau ile haikuwa ya kitambaa, ilikuwa ya mama zetu waliokivaa wakatusomesha kwa hivyo vitumbua. Tunacheka nguo, kumbe tunamcheka aliyeivaa kabla yetu.

Na hii dharau inakwenda kinyume na historia ya khanga yenyewe. Kule Zanzibar enzi za utumwa, wanawake watumwa walivaa merikani, ile pamba nyeupe isiyo na rangi, au kaniki nyeusi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa huru wakakimbilia khanga zenye rangi na maua, kwa sababu zilisema "mimi sio mali ya mtu". Ilikuwa nguo ya kutokelezea mjini, watu wakuone. Sisi wajukuu ndio tumeirudisha jikoni.

"LAKINI KITENGE CHENYEWE CHA CHINA"

Najua kuna mjuaji anasubiri kusema hivi: vitenge vingi vya sokoni vinatoka China, sasa unatuambia tuvae vya kwetu vipi?

Ni kweli, vingi vinatoka huko. Lakini ukianza kuchimba asili utachoka. Mtindo wa kitenge ulitokana na vitambaa vya nta ambavyo Waholanzi walivitengeneza kwa kuiga batiki za Java. Khanga ilitokana na leso za kuunganisha, na hilo neno leso ni la Kireno. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichovalisha khanga na vitenge bibi zetu wengi, kilijengwa kwa msaada wa China kikafunguliwa mwaka 1968. Hata wazee wetu wa kiume enzi za Mwalimu walivaa suti ya mikono mifupi wakaiita Chou En-lai, jina la Waziri Mkuu wa China aliyekuja hapa mwaka 1965. Mbona hamkuwaambia wavae vya kwao?

Kitambaa kinaweza kutoka popote. Kinakuwa cha kwenu mkishakifulia, mkishakibebea watoto, mkishakiandikia maneno yenu ya kupigana vijembe kwenye jina la khanga. Na pesa ya fundi inabaki kijijini. Jinzi ya mtumba inakuja imeshashonwa, fundi wa Ruhembe anaambulia kupunguza kiuno na kubadilisha zipu. Kitenge hata kiwe kimetoka wapi, lazima kikatwe hapa, kishonwe hapa. Fundi ninayemjua mimi kazi zake ni za msimu, wakati wa shughuli halali, zikiisha cherehani inawekwa pembeni anaenda kukata miwa.

ANAYETUSHINDA YUPO STENDI YA MIKUMI

Wengine mnasubiri serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 iliundwa kamati ya kututafutia vazi la taifa. Vikao vikakaa, michoro ikaonyeshwa, magazeti yakaandika. Niambie, leo ukitembea kutoka Ruhembe mpaka Kilosa mjini utakutana na nani amelivaa?

Serikali imejaribu na upande wa pili pia. Mwaka 1967 mkoani Arusha ilianzishwa kampeni ya kuwavua Wamasai lubega wavae suruali, ati lubega inatia taifa aibu. Mwaka uliofuata Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza kwamba kuanzia 1 Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana ni marufuku Dar es Salaam. Matokeo? Vimini vipo, mawigi ndio kabisa, na lubega ipo.

Nenda stendi ya Mikumi sasa hivi. Utamuona Mmasai ana shuka lake, katambuga miguuni, simu kubwa mkononi, anapanda bodaboda. Kukiwa na baridi anaongeza shuka la pili. Jua likiwaka analegeza. Mvua ikimnyeshea linakauka akiwa analitembelea. Ndio huyo huyo analinda mageti Dar, na hajaitiwa kamati wala hajasubiri sendofu. Vazi lake ndio lililopona amri ya serikali kwa sababu moja tu, hakuna siku alilivua. Ndio maana lilimfikia hata Mfaransa: kwa msimu wa 2012 Louis Vuitton walitoa nguo za wanaume zenye miraba ya shuka la Kimasai. Hakuna anayeiga nguo iliyofungiwa kabatini.

Najua huku Kilosa wakulima na wafugaji tumeumizana sana, na kuna watakaonuna nikimsifia Mmasai. Mashamba tutayaongea siku nyingine. Kwenye kuvaa la kwake ametushinda, tukubali.

TUVAE VIPI SASA, MWAKA MZIMA

Sipendi mtu anayelalamika halafu hatoi dawa. Hii ndio ratiba yangu kwa hali ya hewa ya huku, wa mikoa mingine mtarekebisha.

Masika, Machi mpaka Mei. Tope la Ruhembe mnalijua. Sketi ya kuburuza achana nayo. Shonesha ya chini ya goti kidogo, rangi za kiza, buti za mvua chini. Khanga moja ibaki kwenye mkoba, ni nyepesi, inakauka haraka, ni mtandio, ni taulo, ni mwavuli wa dharura.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti. Asubuhi baridi, na ndio msimu wa kuchoma miwa, masizi yanashuka mpaka kwenye chai. Nyeupe iweke pembeni. Hapa ndio mahali pa koti la kitenge lenye bitana, uvae juu ya tisheti yako na hiyo hiyo jinzi yako, sijasema uichome moto. Shuka zito la Kimasai likae mabegani, utashangaa linavyoshinda sweta.

Joto, kuanzia Septemba na kuendelea. Khanga hapa ndio malkia. Doti moja fundi mzuri anakutolea gauni jepesi, au blauzi na sketi, pindo likae chini na maandishi yaonekane. Ila angalia pamba halisi. Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiungua ukanuka kama karatasi na kubaki majivu laini, hiyo ni pamba, chukua. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu, hiyo ni plastiki, utachemka ndani yake.

Vuli, mvua za hapa na pale. Suruali pana ya kitenge inamaliza kazi. Na wadada wa bodaboda nawasihi, dera refu na gurudumu la nyuma ni maadui, nguo inavutwa kwenye mnyororo unaanguka. Kunja, kalia, au vaa hiyo suruali.

Wakaka msijifiche. Shati la kitenge sio la mgombea wakati wa kampeni tu. Livae na suruali nyeusi uende nalo mnadani, uone kama hutaulizwa fundi wako yuko wapi. Na msuli wa kushindia nyumbani Jumapili unakushinda nini?

NENO LA MWISHO

Staa wetu wa hanfu mimi simlaumu. Avae, amependeza, na amelivaa kwa heshima. Ninachomuomba yeye na wenzake ni kimoja: tupeni kitenge cha siku ya kawaida. Sio cha zulia jekundu, sio cha 8 Machi. Tupeni Jumanne moja, unaenda kununua nyanya, khanga yako imeshonwa vizuri, raba mguuni, piga picha tupia. Vijana wanawaiga nyinyi kuliko wanavyoiga kamati yoyote. Mkivaa nyinyi bila shughuli, yule mwenye duka atakosa cha kumcheka binti wa watu.

Na wenye maduka na maofisi mnaosoma hapa: mkija kumsaili mtoto wa mtu, muulizeni hesabu, muulizeni lugha, muangalieni usafi. Kitenge cha mama yake kiacheni.

Haya, uwanja ni wenu. Swali langu ni hili moja: mara ya mwisho kuvaa kitenge au khanga kutoka nje siku isiyo na shughuli yoyote ilikuwa lini? Andika hapo chini, na usinidanganye, kurasa zenu naingia.